Filamu za 4K zinakwama kutoka NAS: nivute waya, nibadili ruta au ninunue mashine nyingine?

Tegeta_Juu:
Wakuu habari zenu. Nina NAS (kisanduku cha kuhifadhi faili kwenye mtandao wa nyumbani) ya diski mbili, iko sebuleni pamoja na ruta. TV iko chumbani, katikati kuna kuta mbili za tofali. Filamu za kawaida zinacheza vizuri, ila za 4K zinaenda dakika chache halafu kile kiduara kinaanza kuzunguka. Faili nyingine zinafika GB 60. Nafikiria kuvuta waya wa mtandao, kununua ruta ya Wi-Fi 6, au kuuza NAS nichukue yenye prosesa kubwa. Mngeanzia wapi? Na msiniambie niongeze kifurushi, kila kitu kiko humu humu ndani.

Kebo_Kwanza:
Waya, mkuu, wala usijiulize. GB 60 kwa filamu ya saa mbili ni wastani wa megabiti 67 kwa sekunde, na kwenye mapigano na milipuko inapanda zaidi. Diski za 4K zenyewe zinaruhusiwa kupita 100. Wi-Fi ya 2.4 GHz ikishapita kuta mbili, na majirani wote wamejazana masafa hayo hayo, haikupi hiyo. Waya wa aina ya Cat5e unatosha kabisa, unabeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100. Dukani omba ya shaba tupu. Zile za bei ya kutupa nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba.

Mama_Seva:
Samahani Kebo, kabla hajatoboa ukuta. Tundu la waya wa mtandao (LAN) la TV nyingi, hata za bei kali, ni la megabiti 100, na unachopata kweli ni kama 94. Faili zake za 67 zitapita, zinazozidi hiyo 94 zitakwama vilevile, na atakulaumu wewe. Waya uishie kwenye kisanduku cha kuchezea filamu chenye tundu la gigabiti, mfano Shield TV Pro, halafu HDMI iende kwenye TV.

Pwani_Kidijitali:
Mbona hakuna aliyeuliza kama hiyo NAS inabadilisha video njiani? Filamu ikiwa inacheza, fungua dashibodi ya Jellyfin au Plex, yaani programu inayorusha filamu kutoka NAS, usome. Ikiwa inabadilisha, prosesa ndogo inahema na waya hautakusaidia kitu. Mchawi mara nyingi ni maandishi ya chini ya aina ya PGS: ni picha, si herufi, kwa hiyo kifaa kisipoyajua seva inalazimika kuyachoma ndani ya video fremu kwa fremu. Yazime, au tafuta ya SRT, ambayo ni herufi tupu. Hapo ndipo prosesa ya Intel yenye Quick Sync, sehemu maalumu ya kubadilisha video, inapokuwa na maana. Jellyfin inaitumia bure, Plex inataka ulipie Plex Pass.

Tegeta_Juu:
Nimeangalia dashibodi: inacheza moja kwa moja, haibadilishi kitu. Maandishi nimezima, bado inakwama. Nikapima kasi ya mtandao wa ndani kwa programu ya iperf3 na laptop nikiwa pembeni ya TV. 2.4 GHz inatoa megabiti 35 hivi, 5 GHz inaruka kati ya 50 na 140.

Pwani_Kidijitali:
Basi NAS usiiuze. Diski ya kawaida inasoma megabaiti 100 na zaidi kwa sekunde, yaani megabiti 800, haijatoka hata jasho. Tatizo ni hewani.

Mama_Seva:
Hamishia TV kwenye 5 GHz leo, ni bure. Ikitulia, umemaliza. Ruta ya Wi-Fi 6 nisingekimbilia: kama TV yenyewe ni ya Wi-Fi 5, itaongea Wi-Fi 5 tu, na ukuta ni uleule.

Dogo_Mtandao:
Vile vidude vya kupitisha mtandao kwenye nyaya za umeme je? Boksi lake limeandikwa megabiti 1000.

Kebo_Kwanza:
Maandishi ya boksi hayo. Nusu yake ukiipata shukuru, na ukichomeka kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme inashuka zaidi. Kwa mpangaji aliyekatazwa kutoboa, sawa. Kwa mwenye nyumba, hapana.

Tegeta_Juu:
Nimehamia 5 GHz, za GB 40 zinacheza safi, za 60 bado zinajikwaa. Navuta waya na kutafuta kisanduku. Je, naweza kuupitisha kwenye bomba moja na nyaya za umeme?

Kebo_Kwanza:
Usithubutu. Bomba lake peke yake, ni usalama kwanza. Na weka nyaya mbili kwa mpigo, bomba likishazibwa kwa plasta hutarudi.