Tupeane uzoefu: mapenzi ya ofisini, ya riwayani na ya kwetu

Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu. Nimemaliza kusoma The Hating Game ya Sally Thorne, yule mwandishi wa Australia. Kitabu ni cha 2016 na filamu yake ilitoka 2021, kwa hiyo wengi mtakuwa mmeshakutana nacho huko mitaani.

Kwa wasiokijua: kampuni mbili za kuchapisha vitabu zimeunganishwa kwa sababu ya ukata. Kila upande umekuja na bosi wake, na kila bosi na msaidizi wake. Hao wasaidizi, Lucy Hutton na Joshua Templeman, wamewekwa chumba kimoja ghorofa ya juu, meza zinatazamana, na hawapatani hata kidogo. Wanakodoleana macho mpaka mmoja ashindwe, wanaigana mikao, wanashitakiana kwa afisa utumishi kwa mambo ya kitoto. Kisha kinatangazwa cheo kimoja kikubwa, na atakayekipata atakuwa bosi wa mwenzake. Mengine malizieni wenyewe, lifti ikiwemo.

Nilichokipenda ni mashati. Joshua anavaa mashati yake kwa zamu isiyobadilika, anaanza na jeupe anamaliza na jeusi, na Lucy ameikariri zamu yote. Anasema anamchukia, lakini anajua kesho jamaa atakuja na rangi gani! Hapo mwandishi kanishika. Mtu unayeshinda naye kutwa unamjua kuliko ndugu yako wa tumbo moja. Unajua anavyokohoa kabla ya kupokea simu ya mkubwa. Unajua mshahara umemwishia tarehe ngapi kwa kuangalia tu anachoagiza mchana. Anayekuchukia kwa umakini wa namna ile ameshakupa muda wake wote, bado tu kukubali.

Kilichonikera: ofisi ile haina watu. Wapo mabosi wawili, yupo kijana wa usanifu anayemfukuzia Lucy, waliobaki wanapitapita tu. Ofisi gani hiyo watu wanabusiana kwenye lifti na mtunza stoo halijamfikia? Kwetu habari ingefika kantini kabla lifti haijafika chini. Halafu suala la cheo limemalizwa kirahisi mno. Joshua anapata kazi kampuni nyingine, kwisha habari. Kwa ajira za Dar hizi, Lucy angestaafu kijana bado anapeleka bahasha za maombi.

Basi tupeane uzoefu. Uliwahi kumpenda mtu wa kazini, kupendwa, au kushuhudia? Iliishaje? Majina ya watu na ya ofisi tuyaache.

Bwana Kaunta

Nilikuwa keshia wa benki, tawi moja huku Kanda ya Ziwa. Dirisha la pili mimi, la tatu yeye. Hatukuwa na chuki wala nini, tulikuwa watu wa kusalimiana na kuazimana kalamu.

Siku moja mwisho wa mwezi, mishahara ya serikali imeingia, foleni mpaka nje. Nafunga kaunta, nina shoti ya laki nne na nusu. Waliowahi kukaa kaunta wanajua tumbo linavyokuwa hapo. Shoti usipoiona inakatwa kwenye mshahara wako. Wenzangu wakabeba mikoba, "pole kaka, utaiona tu", wakaenda zao. Yeye akavua viatu, akavuta kiti, akaanza kuzipitia slipu za siku nzima moja moja huku mimi narudia kuhesabu noti. Alikuwa anazisoma kwa sauti ya chini, jina na kiasi, jina na kiasi. Giza limeshaingia, akanyamaza, akanigeuzia slipu moja. Mteja kaweka elfu hamsini, mimi nimeingiza laki tano. Sifuri moja.

Sikuwa na la kusema. Nilimwambia asante, nikamsindikiza mpaka stendi, na sikuacha kumsindikiza.

Filamu ya hiyo hadithi nimeiona. Nilichokiamini ni pale Lucy anapougua baada ya ule mchezo wa kampuni wa kupigana risasi za rangi, Joshua anakesha akimuuguza. Huko kwenye lifti ni mbwembwe tu. Mtu wa kazini unamjua siku yako mbaya.

Tulioana. Ila utaratibu wa pale mke na mume hawakai tawi moja, na aliyehamishwa ni yeye, wakati kila mtu anajua alikuwa ananizidi kazi. Bado linamuuma, na ana haki. Kwenye riwaya aliyehama ni mwanamume. Nimemwambia hilo, kasema, "Huyo mwandishi lazima ni mwanamke."

Wa Nairobi

Hamjambo nyote. Mimi hilo jambo la adui kugeuka mpenzi limenishinda, jameni. Kitabu nilikisoma kwa matatu nikacheka vizuri tu, lakini kazini kwangu aliyenichukia alinichukia kweli kweli.

Alikuwa mkuu wa kitengo. Kwanza ilikuwa ni utani, leo umependeza, leo hata kiti kinakuonea wivu. Kisha jumbe za saa nne usiku kuhusu ripoti ambayo haikuwa na haraka yoyote. Nilipoacha kujibu, tathmini yangu ya mwaka ikashuka, na sababu iliyoandikwa ni kwamba sishirikiani na wenzangu.

Najua mtaniuliza mbona sikuripoti. Niliripoti. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera kuhusu unyanyasaji wa kingono. Sera ilikuwepo. Ilikuwa imebandikwa ukutani kando ya mlango wa huyo huyo mkubwa. Nikapeleka jumbe zote nilizohifadhi, ikaitwa "kutoelewana". Mimi nikahamishiwa idara nyingine, yeye akabaki na kiti chake.

Kwa hivyo nikifika pale Lucy na Joshua wanafanya mchezo wa kupelekana kwa ofisi ya wafanyakazi, kicheko kinanikauka. Lakini mwandishi nampa haki yake kwa jambo moja. Wale wawili wako ngazi moja, na hata cheo kilipokuja hakuwaacha wapendane mmoja akiwa juu ya mwenzake. Mleta uzi, wewe unasema limemalizwa kirahisi. Mimi naona ndilo jambo la busara kuliko yote yaliyomo humo.

Mpita Njia

Hii ni riwaya ya mapenzi, siyo mkataba wa ajira. Mnataka Joshua aandike barua ya kuomba ruhusa kabla ya busu, nakala kwa mkurugenzi?

Mleta uzi

Mpita Njia, barua ingemsaidia, mbona.

Dada wa Nairobi, pole sana. Na kwa tulioko Tanzania, mkubwa akikuwekea sharti la ngono ili upate kazi au cheo, hiyo ni rushwa ya ngono. Ipo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, na mahali pa kwenda ni TAKUKURU. Hayo tusiyaingize kwenye hesabu ya mapenzi kabisa.

Hoja yako ya ngazi moja naikubali, ila nusu. Ngazi moja kwenye karatasi siyo ngazi moja kwenye midomo ya watu. Lucy angepanda cheo hata kwa jasho lake mwenyewe, ofisi ingesema amebebwa. Joshua angepanda, wangesema kijana anajituma. Ndiyo maana nalalamika kwamba ofisi ile haina watu. Hao watu ndio wanaoamua hadithi inaitwaje, na mwandishi kawafungia nje.

Mzee wa Chai

Mimi ni mhudumu wa ofisi, nimepeleka chai kwa wakurugenzi wengi mpaka sasa. Mnaojificha, mnamficha nani? Sisi tunajua kwa vikombe.

Kulikuwa na mama mmoja wa manunuzi, chai yake ya rangi, sukari hagusi. Na bwana mmoja wa mipango, vijiko vitatu, ukimwekea viwili anakurudisha jikoni. Nikaanza kuona mama anaomba kijiko kimoja. Haikupita muda, bwana naye kashuka mpaka kimoja. Nikasema, hawa wanakunywa chai mahali pengine, sufuria moja.

Nikamnong'oneza mlinzi wa getini. Akacheka. Yeye alishajua zamani kwa kitabu cha funguo. Wanarudisha funguo kwa kupishana dakika tano, hazizidi, hazipungui. Wasio na kitu wanatoka pamoja, wanapiga soga hadi stendi. Wenye kitu ndio wanaopishana.

Hatukusema kwa mtu. Kadi ya mchango wa harusi ilipokuja nilipewa ya kwanza, bwana akaniambia, "Mzee, asante." Hakusema asante ya nini, nami sikuuliza. Nilitoa elfu ishirini.

Mwalimu wa Kusini

Dada wa Nairobi, yako naiheshimu, ila mimi adui aligeuka.

Shule yetu ya msingi iko ndani ndani huko Ruvuma. Ofisi ya walimu ni chumba kimoja na kabati la chaki, mambo ya lifti tunayasikia kwenu. Nyumba ya walimu ni ile ya pande mbili, upande huu nakaa mimi, upande ule akapangiwa mwalimu wa kike aliyeripoti baadaye. Simtanki la maji ya mvua ni moja. Vita ikaanzia hapo. Yeye anafua mashuka kila anapojisikia, mimi naambiwa naacha bomba linadondoka. Siku moja nikakuta limeandikwa kwa chaki, herufi kubwa: MAJI SIYO YA BABA YAKO. Nikajibu chini yake, kwa mwandiko wa ubaoni: WALA YAKO. Watoto wa darasa la nne wakaanza kuimba.

Mwalimu mkuu akatuita, akatupangia zamu ya kuchota, akaisaini na kuigonga muhuri wa shule. Kiangazi kikaja, tanki likakauka, zamu ikawa haina kazi. Ikabidi twende kisimani bondeni. Baiskeli ilikuwa yangu, madumu yalikuwa yake. Ukishapandisha kilima na mtu, wewe unasukuma mbele yeye nyuma, chuki inakosa pumzi.

Wenzetu wanahangaika miaka na uhamisho wa kumfuata mwenza. Mimi mwenza nilimkuta ng'ambo ya ukuta.

Mpita Njia

Mwalimu, hii ndiyo ningenunua kitabu chake. Na ule muhuri uko wapi?

Mama wa Simtanki

Habari zenu. Shemeji yangu kanitumia huu uzi, nikaujua mwandiko. Naomba kurekebisha kidogo. Aliyeanza kuandika kwenye tanki ni yeye, aliandika MASHUKA MANGAPI? na ndipo nikamjibu. Baiskeli ilikuwa ya mwalimu mkuu. Na karatasi ya zamu ipo, nimeibandika jikoni na muhuri wake. Leo ni zamu yake, madumu yako wazi, na yeye yuko hapa anaandika hadithi.