MREJESHO: Manjano na tangawizi kwa maumivu ya misuli baada ya mazoezi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nile nini ili misuli ipone haraka, maana siku ya pili baada ya kuchuchumaa na uzito, kushuka ngazi ilikuwa adhabu. Asanteni wote mliojibu.

Manjano kwenye maji ya moto hayakunisaidia: unga ulituama chini ya kikombe kama mchanga. Aliyesema manjano yanataka mafuta na pilipili manga alikuwa sahihi, vinginevyo mwili hunyonya kidogo mno. Sasa natumia maziwa yenye mafuta ml 250, kijiko cha chai kimoja cha manjano na pilipili manga ya kusaga kiasi cha ncha ya kisu, moto mdogo dakika 5 huku nakoroga. Nakunywa kila jioni, hata siku za kupumzika. (Kikombe cheupe kisahauni, doa halitoki.)

Tangawizi ya unga, gramu 2 kwa siku, ilinipa kiungulia nilipoinywa tumbo tupu. Baada ya chakula haina shida. Mdalasini sikuona chochote.

Ila kusema kweli, mayai 3 na ndizi 2 mara baada ya mazoezi, pamoja na usingizi wa saa 8, vimesaidia kuliko viungo vyote. Maumivu bado yapo, ila siku ya tatu nafanya mazoezi tena; zamani nilisubiri hadi ya tano.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla ya kujaribu manjano au tangawizi kwa wingi huu.