Hoteli yetu Paje inataka kuacha kitabu cha oda na kuhamia mfumo wa manunuzi, tuanzie wapi?

Mhasibu_Kusini: Wakuu salaam. Nipo hoteli ya vyumba 34, Paje, Unguja. Mpaka leo jikoni wanaandika mahitaji kitabuni, mnunuzi anakwenda Mwanakwerekwe na Darajani, mimi naletewa vikaratasi mwisho wa wiki. Majuzi nyanya zililipwa mara mbili, na aliyegundua ni muuzaji mwenyewe, akarudisha pesa (Mungu ambariki). Mwenye hoteli anataka mfumo wa kompyuta kabla wageni wa Julai hawajajaa. Mpishi mkuu kanuna, mnunuzi kanuna zaidi. Wazo lilikuwa langu, kwa hiyo lawama ni zangu. Nishaurini.

Stoo_Nungwi: Mimi mfumo uliletwa nikiwa stoo. Kompyuta haikututesa, vipimo ndivyo vilivyotutesa. Mfumo unataka kilo, sokoni kuna tenga, fungu, mkungu na gunia la lumbesa. Tenga la Jumatatu si tenga la Alhamisi. Mwezi mzima skrini ikasema tuna nyanya hasi kilo 60 huku nazikanyaga! Kila kinachoingia kipite kwenye mzani. Majina nayo myasafishe mapema: kwetu "vitunguu", "kitunguu maji" na "vitunguu vyekundu" vilikuwa bidhaa tatu, kumbe ni kitu kimoja.

Mama_Dagaa: Na mvuvi wa pweza wa Jambiani mtampelekea oda kwa barua pepe? Bamvua ikija analeta pweza tele, siku nyingine haleti hata mmoja. Mkimwambia malipo baada ya siku 30, anavuka uzio kwa jirani.

Stoo_Nungwi: Dada umenena. Sisi tuliwatenganisha wauzaji. Bia, maji, mchele, unga na sabuni vinaagizwa kwenye mfumo kwa bei ya makubaliano. Samaki anapimwa akifika, anaingizwa, mvuvi analipwa kwa simu siku hiyo hiyo.

Kijana_wa_IT: Mkuu, usikubali kuambiwa programu ya hoteli ya OPERA inatosha. Ile ni ya mapokezi na vyumba. Kama bajeti ni ndogo jaribuni Odoo, programu ya kuendesha biashara, toleo la bure lina manunuzi na stoo, na unaweza kuiwekea vipimo tofauti. Ila muwe na mtu wa kuihudumia.

Kobe_Mzee: Mnunuzi ananuna kwa sababu cha juu kinakufa hahaha. Anayeagiza asipokee, anayepokea asilipe. Oda, karatasi ya mapokezi na ankara zisipolingana, pesa isitoke. Bila hivyo mtakuwa mnaibiwa kwa kompyuta.

Mama_Dagaa: Kobe usimhukumu mtu humjui. Labda anaogopa kibarua tu. Mkalisheni achague naye.

Mhasibu_Kusini: Nashukuru sana. Nitaanza na vitu vikavu masika hii, vyumba vikiwa vitupu, samaki baadaye. Mzani tunao, nimekwenda kuutazama sasa hivi: betri imekufa, na juu yake pamewekwa birika.