Malori ya Salgaa yanaweza kupashana habari bila mnara wa simu?

Msafiri wa Molo
Wanajukwaa, naomba kuelimishwa. Kwenye mteremko wa Salgaa, barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret nchini Kenya, malori hufuatana kwa msururu mrefu, na la mbele likisimama ghafla, dereva wa tatu au wa nne hana habari mpaka aone taa za breki za yule aliye mbele yake. Nasikia kuna magari yanayopashana habari kwa redio. Je, yanategemea mnara wa simu? Na yakikusanyika mengi, hayataingiliana?

Fundi Redio, Kisumu
Ndugu, mnara hauhitajiki. Marekani na Ulaya zimetenga masafa ya gigahezi 5.9 kwa kazi hii, na kila gari hutangaza mahali lilipo, mwendo wake na upande linakoelekea, kwa yeyote aliye ndani ya mita mia kadhaa. Kuingiliana kupo, hasa kila gari likitangaza mara 10 kwa sekunde.

Mhandisi Mwanagenzi
Naongezea hapo. Utaratibu wa Ulaya ni wa busara zaidi, kwa maoni yangu: gari hutuma ujumbe mpya pale tu linapokuwa limesogea zaidi ya mita 4, au limegeuka zaidi ya digrii 4, au mwendo wake umebadilika kwa zaidi ya nusu mita kwa sekunde, lisipobadilika, hutuma mara moja tu kwa sekunde. Kwa hiyo basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa litatuma takriban mara 5 kwa sekunde, ilhali trela linaloteremka kwa gia nzito, kilomita 20 kwa saa, litatuma mara moja na ushei. Msururu wa polepole, ambao ndio wenye magari mengi, hauyajazi mawimbi kama unavyohofia.

Tahadhari ya hatari hupitishwa kwa namna nyingine. Gari lililoipokea likiwa mbali zaidi na mtumaji husubiri muda mfupi kuliko wenzake, kisha huirudia. Yaliyo katikati yakisikia imesharudiwa hunyamaza.

Msafiri wa Molo
Nashukuru sana. Na kwenye kona, ambako kilima kimeziba?

Fundi Redio, Kisumu
Hapo mawimbi haya hudhoofika mno, kwa hiyo ni lazima gari lililo kwenye kona lenyewe, au kifaa kilichofungwa kwenye nguzo ya barabarani, lipokee na kurudia. Vilevile, lori lisilo na redio halisikii wala halisikiki. Ningeshauri wenye malori mengi wayafungie yao kwanza, maana mara nyingi husafiri pamoja.