Naomba ushauri: saratani ya titi ya nadra, dawa iendelee au iachwe?

Mzee_wa_Majengo (Moshi): Habari zenu wanajamii. Nina mgonjwa wa karibu aliyeondolewa titi la kushoto miaka mitatu iliyopita kwa saratani ambayo daktari alisema ni ya nadra, na tangu hapo anameza tamoksifeni. Je, watu wa aina hii huishi muda gani, na anaweza kuacha dawa ikiwa vipimo ni safi?

MamaWawili: Pole sana ndugu yangu. Dada yangu wa Ngaramtoni alihangaika na mitishamba hadi akapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kupigwa mionzi. Msiikimbie hospitali, na maombi msiyaache.

Kibo_Kusini: Ni aina gani? Na mgonjwa ni nani wako? Bila hayo tutabahatisha.

Mzee_wa_Majengo: Mgonjwa ni mimi mwenyewe, mwanaume wa miaka 58. Vidonge nameza siku moja, nyingine naacha, kwa sababu usiku joto hunipanda hadi shuka linalowa, na hamu ya tendo la ndoa imeniishia. Kliniki nako, jina langu likiitwa, akina mama wote hugeuka kunitazama. Sioni kosa langu liko wapi, maana vipimo ni safi.

Mchunguzi: Samahani, siamini. Mwanaume ana titi gani la kuugua? Uzi huu umetungwa.

Muuguzi_Arusha: Ndugu Mchunguzi, nyuma ya chuchu ya mwanaume kuna tishu za titi, na katika wagonjwa 100 wa saratani hii, takriban mmoja ni mwanaume. Mzee wangu, uvimbe wa wanaume wengi, kama tisa kwa kila kumi, huchochewa na homoni, ndiyo maana ulipewa tamoksifeni, inayozuia kazi ya homoni hizo na ambayo kwa kawaida humezwa miaka 5. Mwanaume na mwanamke waliogundulika katika hatua ileile, matokeo yao hukaribiana. Kinachowaponza wanaume wengi ni kuchelewa. Lakini saratani inayochochewa na homoni huweza kurudi hata baada ya miaka 10, kwa hiyo vipimo safi vya leo si ruhusa ya kuacha. Mweleze daktari habari ya joto na ya ndoa bila kuficha. Je, una mabinti? Uliza pia kuhusu kipimo cha BRCA2, jeni ambayo ikiwa na kasoro huongeza hatari ya saratani ya titi, kwani kasoro hiyo huweza kurithiwa.

Mzee_wa_Majengo: Ninao wawili. Ya vidonge nitayazungumza na daktari, ingawa siahidi. Ila nyumbani wote wanajua nilipasuliwa jipu. Nitaanzaje kuwaambia?