Kupanda ndege na kichanga peke yangu, Dar kwenda Mwanza

Mama Nuru: Habari zenu wapendwa. Wiki ijayo naenda Mwanza kwa wazazi, mimi na mwanangu wa miezi mitano tu, baba yake anabaki kazini. Naogopa sana masikio yake, halafu nikibanwa na choo nimwachie nani jamani?

Bibi wa Tabata: Mwanangu usihofu. Ndege ikianza kupaa mnyonyeshe, ikianza kushuka mnyonyeshe tena, kule kumeza ndo kunazibua masikio, na kushuka ndo kunauma zaidi kwa hiyo hata kama kalala muamshe taratibu. Ila akiwa na mafua makali mpeleke kwanza kwa daktari kabla ya safari, hilo nakusisitiza.

Dulla Kigamboni: Dada beba cheti cha kuzaliwa. Chini ya miaka 2 anakaa mapajani kwako ila hakikisha jina lake lipo kwenye buking. Wahudumu watakupa kimkanda chake kinachounganishwa na wako, usimfunge ndani ya mkanda wako mwenyewe, ni hatari.

Mama Pacha: Mbebe na mbeleko uwanjani mikono ibaki huru. Pampasi mbadilishe kabla ya kupanda, na weka blauzi yako ya ziada kwenye begi la mkononi maana akitapika unachafuka wewe. Choo muombe mhudumu au mama wa siti ya pembeni, watu wanasaidia jamani, we omba tu.

Mama Nuru: Asanteni sana, bibi shikamoo. Mafua hana, namshukuru Mungu.