Khadija Kopa: aliikuza taarab au aliiua?

Mleta mada (Moshi): Jana kwenye daladala ya Pasua dereva kaweka mipasho, zile taarab za vijembe, mzee mmoja akang'aka: huyu Kopa ndiye aliyeiua taarab. Mimi nabisha. Katoka Culture Musical Club Unguja, kaja bara na kundi la TOT (Tanzania One Theatre), kalitawala jukwaa. Yule ni mwimbaji na mwigizaji. Mnasemaje?

Chalii wa Ngarenaro: Aliiua. Taarab unakaa kitini, unasikiliza ganuni na fidla, unalitafuna shairi. Wao wakaleta kinanda na viuno. Halafu Moshi na taarab wapi na wapi? Nyie si mbege tu?

Binti Majengo: Hapo kwenye mbege umenigusa, kaka. Kwetu Majengo harusi bila mipasho ni kikao. Nikiwa mdogo, mama alikunja noti ya elfu kwa urefu, akainuka na kijembe cha Kopa kinalia kwenye spika. Nikadhani anakwenda kumtunza bibi harusi. Wapi! Alisimama mbele ya jirani aliyemkopa vitenge, akaipepea ile noti puani kwake mpaka ubeti ukaisha. Jumatatu asubuhi jirani kaleta hela ya doti mbili. Wewe na ganuni yako ungemdai vipi?

Mstaafu: TOT ilianza 1992, vyama vingi vinarudi, na kila mtu alijua ni ya CCM. Ngoma, sarakasi, vichekesho, kwaya ya Kapteni Komba, kiongozi wao, na Kopa na mipasho yake. Wapinzani wao, kundi la Muungano la Chenga, nao walikuwa na mwimbaji wao Nasma. Tulilipa kiingilio kusikia nani kamjibu nani.

Chalii wa Ngarenaro: Kwa hiyo mzee unakiri ilikuwa propaganda.

Mstaafu: Nimekiri tulicheka. Usinilishe maneno.

Wa Kiborloni: Mbege imekukosea nini? Na huo uwanja wenu hapo Arusha una jina la nani? Sheikh Amri Abeid, mshairi, kaandika sheria za kutunga mashairi, kitabu cha 1954. Unakwenda kushangilia mpira kwenye jina la mtu wa vina na mizani, halafu unatuuliza sisi taarab tumeijulia wapi!

Chalii wa Ngarenaro: Kwani alizaliwa Kiborloni?

Wa Kiborloni: Wala Ngarenaro.

Binti Majengo: Na hiyo asili mnayoililia, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa zamani wa Zanzibar, alikuwa muuza vyungu. Kaenda Bombay kurekodi 1928, na nyimbo zake ziliwasema watu, kesi za mahakamani zikiwemo. Kopa kakuta watu wanasemwa, yeye kawasimamisha na viti.

Chalii wa Ngarenaro: Siti hakukata kiuno.

Binti Majengo: Ulikuwepo?

Mleta mada: Jamani, niliuliza kuhusu uigizaji wake jukwaani.

Mstaafu: Subiri kidogo, kijana. Binti, huyo jirani alikopa doti ngapi?

Binti Majengo: Shikamoo mzee. Tatu. Ya tatu tunaidai mpaka leo.